Mama Ni Yuleyule

Katika chumba cha kupigia pasi cha kiwanda kile cha kufulia, mvuke ulitanda tangu asubuhi mpaka jioni, na mashuka ya mahoteli yaliingia yamejikunja yakatoka yamenyooka. Mwanamke aliyeyanyoosha hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wenzake walimwita Mashuka, naye aliitika, maana ugenini mtu huitikia chochote kilicho karibu na mshahara.

Jina lake lenyewe lilikaa kwenye kadi ya ukaazi, na kadi ilikaa kifuani mwake, ndani ya kimfuko cha nailoni, isilowe jasho. Bila kadi hiyo mgeni hawezi kupanga chumba, hawezi kusajili laini ya simu, hawezi hata kuugua, kwa sababu dirisha la hospitali huuliza kadi kabla ya kuuliza kinachouma. Kila mwaka Mashuka alikwenda kuiongezea muda, na barua ya msimamizi wa kiwanda mkononi, barua ya kusema kwamba mtu huyu hajawahi kukosa zamu. Alipanga foleni, akafokewa, akarudi na kadi yake. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alikuwa akisema akitoka pale, akivaa viatu vizuri.

Aliishi chumba kimoja na mdogo wake wa mwisho. Kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Kitinda alikuja kufanya kazi za ndani. Bibi aliyemwajiri alimnyang'anya pasipoti siku ileile aliyofika, na siku aliyommwagia maji ya moto mguuni, msichana alitoka na nguo alizovaa, akaenda kwa dada yake. Tangu hapo hakuwa na karatasi hata ya kufungia chumvi. Mchana alijifungia, akipika na kushona, na polisi wakipita barabarani alizima redio.

Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Zaidi ya hayo, picha kwenye kadi ilipigwa zamani, Mashuka akiwa bado mwembamba.

"Dada, hii sura yangu kabisa," Kitinda alimtania. "Wewe umenenepa, umeshaiacha. Nipe mimi."

"Mtumai cha nduguye hufa maskini."

"Bora maskini mwenye kadi!"

Walicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Kidonda cha maji ya moto kilionekana kupona, kumbe kilifunga juu tu. Kikaota usaha, mguu ukavimba, homa ikapanda hadi Kitinda akaanza kuzungumza na kuku wa nyumbani kwao. Mashuka alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, akanunua vidonge, akaomba. Siku aliyoona msichana hawezi tena kunyanyua kichwa, alimbeba mpaka langoni mwa hospitali. Kabla ya kuingia alimketisha ukutani, akatoa kimfuko kifuani, akamfumbatisha kadi mkononi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Ukiulizwa jina, taja langu. Ukiulizwa umri, ongeza. Ukiulizwa mama, mama ni yuleyule, hapo hutadanganya. Na wakikusomea kitu kwenye faili usibishane nao. Sema, kama ilivyoandikwa."

"Wakiniuliza dada yangu?"

"Huna dada."

Kitinda akatikisa kichwa kukubali, mtiifu kama siku zote. Alipewa kitanda. Mashuka akakimbia kazini, kwa kuwa mwezi ule ulikuwa wa barua ya msimamizi, na zamu moja tu ikikosekana barua haipo.

Jioni alikuta kitanda kimetandikwa upya. Yeye ni mtu wa mashuka, hadanganyiki: shuka lile lilikuwa halijalaliwa. Alisimama pale akilitazama mpaka nesi akamfuata. Alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa uchovu.

"Wewe ni nani wake?"

Mashuka alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Jirani."

"Pole sana, jirani. Tumempoteza mchana. Tulimchoma penisilini, mwili ukaikataa, akavimba koo, hatukuwahi. Lakini faili lake linasema alichomwa hapahapa mwaka juzi na haikumdhuru! Hata hivyo nilimuuliza kwa kinywa changu, kuna dawa inayokudhuru? Akanitazama, akasema kama ilivyoandikwa."

Aliyechomwa mwaka juzi alikuwa Mashuka, alipougua jipu. Kitinda sindano ile ilitaka kumuua angali mtoto. Mama yao alimbeba mgongoni amevimba uso, akakimbia naye, na tangu siku hiyo kila zahanati aliyoingia alitangulia kupiga kelele hata kabla ya salamu: "Huyu penisilini hapana!" Watoto wa mtaani wakaufanya wimbo. Mashuka aliujua wimbo huo. Pale ukutani alikumbuka jina, umri, faili na polisi, akamsahau mtoto. Kama Kitinda naye alisahau kwa homa, au alikumbuka akaogopa kumponza dada yake, hilo hakuna wa kulijibu.

Nesi akamwambia kadi imeshapelekwa ofisini. Kifo kimeandikwa. Ndugu wasipojitokeza mpaka kesho kutwa, manispaa itamzika kwenye makaburi ya wageni, kwa jina lililo kwenye kadi.

Kesho yake Mashuka alikwenda kazini. Usimlaumu haraka, miguu ina mazoea yake. Kabla pasi haijapata moto msimamizi alimwita pembeni.

"Wamenipigia simu. Wanasema umekufa."

"Unaniona."

"Nakuona, ndiyo. Lakini mimi simwandikii barua maiti, wala simlipi. Nenda kamalizane nao, halafu uje." Alitaka kucheka, akaghairi.

Wenzake walimshauri kwa kunong'ona. Mwanamke wa kukunja taulo alimwambia anyamaze, ajifiche, atafute kadi nyingine kwa jina jingine; wapo waliofanya hivyo na bado wanakula. Akisema ukweli, kuazimisha kadi ni jela, na baada ya jela ni ndege. Na aliyekwisha kufa, mwenzake alisema, hasomi kilichoandikwa kwenye kibao cha kaburi.

Siku ya tatu Mashuka alikwenda chumba cha maiti. Alikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la karani, hajui kama amekuja kusema au kutazama tu. Simu ikalia. Alikuwa mama yake. Ubalozi ulikuwa umempigia asubuhi ile, kumwarifu kwamba dada yake Kitinda amekufa hospitalini baada ya kuchomwa sindano.

"Mama."

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama."

Mama alipiga kigelegele kilichomfanya karani anyanyue kichwa. Mashuka alimsikia akiwapigia kelele majirani, watoe mikeka, wazime moto, hakuna msiba, wale watu wamekosea, mwanangu huyu hapa anazungumza! Wanawake wakapokea. Kwa muda mrefu simu ilijaa furaha, na Mashuka hakupata pa kuikatia.

"Wapuuzi wakubwa," mama alisema alipopata pumzi, akilia na kucheka. "Hebu mpe simu Kitinda nimsikie."

"Kitinda... amelala, mama."

"Mwamshe."

Mashuka akageuza macho kwenye mlango wa chumba cha maiti. Huko kwa mama, vigelegele vilipungua kimoja kimoja, labda kwa kuuona uso wake.

"Wamemchoma penisilini," mama alisema. Hakuwa akiuliza. "Wewe ulikuwepo. Hukuwaambia?"

"Nilimwambia asibishe, mama."

Mama hakumlaani, laiti angemlaani. Aliiweka simu chini bila kuikata, na Mashuka akasikia mikeka ikitandikwa tena.

Alisimama, akaenda dirishani. Karani alikuwa na karatasi za mazishi ya mchana, na ya juu kabisa ilikuwa na jina la Mashuka.

"Huyu siye," alisema. "Andika upya."

Akalitaja jina la Kitinda lote, lake, la baba na la babu, polepole, karani asije akakosea. Akamtajia umri wake wa kweli. Akamtajia mama.

"Jina la mama halijabadilika," karani alisema, akilinganisha.

"Ni yuleyule."

"Na kuna ugonjwa wowote, au chochote cha kuongeza?"

"Andika, penisilini hapana."

Karani alimtazama, akaona hatanii, akaandika pembeni kwa herufi ndogo. Kisha akauliza, "Na wewe ni nani wake?"

"Dada yake," Mashuka akasema. "Hiyo kadi ni yangu, nilimpa mimi."

Karani akanyanyua simu ya mezani. Mashuka akarudi kwenye benchi, akakaa kuwangoja polisi.