Wimbo wa Nne

Baba yangu hajui Kiingereza, na nusura hilo liniharibie ndoa kabla sijaolewa.

Kwetu Pongwe muziki wa kantri ni wa Jumapili. Wazee walioteremka kutoka Usambaa kuja kukata mkonge waliusikia redioni baada ya ibada, wakasikia gitaa la upole, wakaamini huu ni wimbo wa Bwana. Mwambie shangazi yangu kwamba jamaa anaimba habari za pombe, atakwambia una pepo. Basi ilipotoka albamu ya dada mmoja wa Marekani anayeimba kantri, ikakaa namba moja huko kwao wiki baada ya wiki na watangazaji wetu wakaishikia bango, nyumbani ikapokelewa kama nyimbo za kwaya. Niliipakua mimi, nikamwekea baba kwenye simu. Nafanya kazi hotelini Ushongo, Kiingereza cha wageni nimekizoea, kwa hiyo ndani ya nyumba ile mimi peke yangu nilijua dada yule anaimba nini.

Wimbo wa nne ni wa mwanamke anayefunga sanduku alfajiri. Mtoto wake amelala. Anaondoka bila kumwamsha.

Mama yangu aliondoka hivyo hivyo, nikiwa darasa la pili. Tangu siku ile baba hakulitaja jina lake, na mimi nikajifunza kutolitaja.

Sasa mama mkwe wangu mtarajiwa ni mwalimu wa Kiingereza, anakaa Ngamiani. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza mama yuko wapi. Nilipomwambia, alikoroga chai muda mrefu. "Aliondoka tu? Hivi hivi?" Baadaye alimwambia mwanawe aangalie sana, wasije wakaoa mtu wa kuondoka. Mchumba wangu alinieleza akicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Wiki ya sherehe ya kuniaga, baba akatangaza tutaingia ukumbini na wimbo wa nne. Kwa kawaida binti huingia na mpambe wake, wazazi wameshakaa. Mimi nilikuwa nimesema nitaingia na baba, basi, na anayetaka kununa anune.

"Baba, wowote ule, lakini si huo."

"Huo huo."

"Kwa nini?"

Akavaa kandambili, akatoka uani. Baba akishaamua, unaongea na ukuta. Ningemweleza maana yake, lakini ningeanzaje bila kumtaja mama? Shangazi naye akanijia juu: "Wimbo wa Mungu unaukataa? Mtoto mkaidi wewe!" Nikamfuata dijei mwenyewe. Akainua mikono. "Dada, mzee kaniapisha. Mimi simo."

Jumamosi mchana tukasimama mlangoni mwa ukumbi, mimi na gauni langu, baba na koti la kuazima lililombana mabegani. Mshereheshaji akatuita. Gitaa likaanza. Lilikuwa lile lile.

"Siingii," nikasema.

"Watu wanasubiri, mwanangu."

"Wasubiri! Baba, unajua wimbo huu unasema nini?"

"Sijui."

"Sasa uliuchagulia nini, jamani?"

Akayatazama viatu vyake. "Unauimba wewe. Ukiosha vyombo, ukidhani nimelala. Albamu nzima unairuka, unarudia huo huo, halafu unakaa kimya. Nikasema, huu ndio wimbo wa mwanangu."

Hasira yangu yote ikaniishia pale pale. Mshereheshaji akaita tena, safari hii sauti imemkauka kidogo. Nikachungulia. Mama mkwe alikuwa meza ya mbele, ameacha kujipepea, kichwa amekiinamisha upande. Mwalimu alikuwa anasikiliza maneno. Nikajua nikiingia na wimbo ule nimejipeleka mwenyewe kwake kama mtu wa kuondoka, na nikigoma mlangoni nimemwaibisha baba mbele ya ukoo mzima.

"Baba, ni wimbo wa mama anayeondoka," nikasema. "Mtoto amelala. Hamuagi."

Neno mama lilikuwa limeshanitoka. Baba alishika mkono wa koti, akauvuta, akauachia.

"Hamuagi?"

"Hamuagi, Baba."

Nilidhani atamwita dijei. Nilidhani atageuka arudi Pongwe kwa miguu na koti lake la watu. Akaubana mkono wangu kwapani mwake mpaka nikasikia maumivu.

"Basi acha upigwe mpaka mwisho," akasema. "Yule hakuaga mtu. Wewe nakuaga mchana kweupe, mbele ya watu wote hawa. Na mwalimu wao asikie vizuri."

Tukaingia. Vigelegele vilipasuka, maana kwa karibu wote waliokuwa mle ule ulikuwa wimbo wa kanisani, na baba alitembea nje ya mdundo kutoka mlangoni mpaka mbele. Nililia, rangi zote za saluni zikateremka, wala sikujifuta. Tulipofika meza ya mbele mama mkwe alisimama, akanishika kiganja, akaniinamia sikioni.

"Baba yako anayajua maneno ya wimbo huu?"

"Anayajua, mama," nikasema. "Nimemwambia sasa hivi, hapo mlangoni." Akageuka, akampa baba mkono, akamvutia kiti kando yake.