Kikao cha Mume wa Dada

Nakumbuka Jumamosi moja kwetu kijijini Masaki, nikiwa binti bado sijaolewa, ukoo mzima ulipomwita shemeji aje aeleze kwa nini mkewe amekonda. Mkewe alikuwa dada yangu, mama yako mzazi.

Huko Kibaha walikokuwa wakiishi, daktari alikuwa amemwambia dada mwili umezidi na sukari imeanza kupanda. Dada akaacha soda, akapunguza wali, akawa anatembea kila asubuhi. Alipokuja nyumbani gauni likimpwaya, kina mama hawakumuuliza yeye. Kwetu mke akipungua, anayeulizwa ni mume.

Basi shemeji alikaa mkekani ameinamisha kichwa, mara aambiwe bahili, mara ana nyumba ndogo. Dada alijaribu kueleza habari za daktari, mama mkubwa akamkatiza.

“Tulikutoa hapa umenona. Mtu mwenye raha hakondi.”

Mwanangu, dada aliiogopa aibu ya mumewe kuliko maradhi yake. Jioni ile ile alirudia kula kama zamani, na kwa kuwa hakuwa akiumwa popote, sote tukaridhika.

Miaka ikapita. Macho yakaingia ukungu, kisha nyayo zikafa ganzi. Tulipompeleka hospitali ya Tumbi, daktari alitueleza polepole kwamba mafuta yakizidi mwilini, hasa ya tumboni, insulini, ile inayoondoa sukari kwenye damu, inashindwa kazi yake na sukari inabaki kwenye damu. Mishipa midogo inakakamaa na kuziba kidogo kidogo, na hiyo ndiyo inayolisha macho, figo na miguu. Ni kama vijia vya mashambani: barabara kuu inaweza kuwa nzima, lakini vijia vikiziba muhogo hautoki. Leo mama yako anakutambua kwa sauti, na inaniuma mpaka sasa.

Sasa na wewe umeambiwa na daktari maneno yale yale, umeanza kupungua, na nasikia mumeo ameitwa Masaki Jumamosi hii. Mwache aende. Nitapanda bodaboda niende naye, nikae naye mkeka mmoja, na atakayeuliza nani anakunyima chakula nitamjibu mimi, mama yako mdogo.

Wewe usirudi nyuma kwa ajili ya heshima ya mtu yeyote, hata yetu. Kula kwa kiasi, tembea, nenda ukapimwe hata siku unayojisikia mzima. Unene si ushahidi wa ndoa njema. Mungu akulindie macho na miguu, mwanangu, akupe uzee wa kujiendea mwenyewe.