Dedan Hakuinua Mkono

Kanuni ilikuwa moja: aliyeguswa husema mwenyewe. Loredana Visintin, Mwitaliano aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa upanga mwembamba uitwao foili, aliiweka tangu alipoanza kufundisha katika ukumbi mmoja hapa Doha. Mashine ya taa, inayowaka mtu akiguswa, aliiacha kwa mashindano. Mazoezini, ncha butu ikikufika kiwiliwilini, unainua mkono na kusema, "Nimeguswa."

Mwenyewe aliishi hivyo. Katika fainali moja taa haikuwaka. Akamwambia mwamuzi kwamba ameguswa, akakosa dhahabu. Aliipata baadaye, lakini watu walimheshimu zaidi kwa ile aliyoikosa.

Hakuna aliyependa kusimulia habari hiyo kama Dedan, Mkenya aliyekuwa mlinzi wa ukumbi. Loredana alimfundisha baada ya zamu, naye akirudi mtaani kwake, Al Mansoura, aliwachosha wenzake wa chumbani.

"Umeanza tena, Mwitaliano wa Nakuru!" Lenny, mmoja wao, humtania.

Ikafika siku Loredana alipohitaji msaidizi wa kufundisha watoto. Waliofaa ni wawili: Dedan, na Faridah, Mganda aliyefanya kazi hotelini. Wapambane, alisema, wa kwanza kupata miguso mitano achukue kazi. Dedan aliitamani mno, hata akawaalika akina Lenny waje kumtazama.

Wakawa nne kwa nne. Upanga wa Faridah ukamfika Dedan ubavuni, ukapinda.

"Mmalize, maze! Mmalize!" Lenny akapiga kelele.

Dedan akanyamaza, akarudisha pigo kifuani.

"Nimeguswa," Faridah akasema papo hapo, mkono juu.

Loredana akamgeukia Dedan. "Na wewe? Hakukugusa kwanza?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi umeshinda. Neno lako linatosha."

Lenny alimrukia. "Toa hilo chujio la chai tuone uso wa bingwa!"

Dedan hakuvua kinyago. Alimpa Faridah mkono akiwa amefunika uso, utovu wa adabu ambao hata mtoto wa wiki ya kwanza anaujua.

"Kaka," Faridah akamnong'oneza, "ubavu haukuumi?"

Kesho yake Dedan alimfuata Loredana, macho chini. "Mwalimu, niliguswa."

"Niliona upanga ukipinda. Nilikuuliza ili ujiokoe."

"Turudie pambano, tafadhali."

"Pambano linaweza kurudiwa. Lakini nitawaambia nini watoto, kwamba anayewafundisha kuinua mkono ni nani?"

Akina Lenny wanasema alionewa kunyimwa kazi, maana alikiri. Sikubaliani nao. Kukiri baada ya kulala na ushindi si sawa na kukiri upanga ungali ubavuni.

Leo Faridah ndiye anayefundisha watoto. Dedan huwafungulia mlango, na habari ya ile dhahabu hajaisimulia tena. Alipoteza kazi, akampoteza na mwalimu, kwa kutosema neno moja ambalo lingemgharimu kazi tu.