Nilianzia Juzuu ya Tatu

"Ni mfupi," nilimwambia. "Mweusi. Amesukwa mistari ya kurudi nyuma, na sweta amejifunga kiunoni."

"Mjapani amesukwa mistari?" binamu yangu akauliza.

"Huyu amesukwa."

"Hiyo Japani yako ama ni ya Kayole?"

Nilicheka kidogo halafu nikaharakisha, maana Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono ameunyoosha. Ilikuwa Ijumaa. Jua lilibaki kipande tu juu ya tangi la maji la ploti ya pili, na kwetu Sabato ikiingia, simu huzimwa ikawekwa kabatini pamoja na rimoti.

"Ana mwanya," nikaendelea. "Na ameshika lebo ya mzigo, kile kikaratasi cha kufungwa kwa kamba. Ukimwona utamjua tu."

"Si unitumie picha?"

"Kwa kabambe?"

Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, na wiki hizo alitumia kabambe ya babake, ile ya vitufe na tochi. "Haya," akasema. "Mfupi, mistari, mwanya, lebo. Nimeshika." Mama akaichukua simu ikiwa bado na joto la sikio langu.

Huyo mfupi ni msichana wa riwaya. Mimi husoma riwaya za Kijapani, zile ndogo zinazotoka juzuu baada ya juzuu, ambazo mashabiki wa mbali huzitafsiri kwa Kiingereza na kuziweka mtandaoni bure. Shuleni sijamwambia mtu. Shuleni jina langu likiitwa kwenye rejista, naitika kwa sauti inayomfanya mwalimu aulize tena kama nipo.

Msichana wangu anafanya kazi kwenye kaunta ya vitu vilivyopotea, katika stesheni ya treni. Watu humjia wakitafuta mwavuli, glavu moja, keki ya mtu aliyeshuka na kuisahau. Hawapi kitu mpaka wamsimulie mara ya mwisho walipokishika. Basi. Hakuna vita, hakuna uchawi. Nilimpenda kwa sababu haendi kwa watu, watu ndio humwendea, na katikati yao kuna kaunta.

Simu ni ya Mama na bando ni za Mama, kwa hivyo mimi hufunga picha zisimalize bando na kusoma maneno matupu. Tena juzuu mbili za kwanza sikuzipata. Waliotafsiri walianzia ya tatu, kwa kuwa zile mbili zilishafanywa anime, katuni ya runinga, na ilichukuliwa kwamba kila mtu ameitazama. Mimi sikuwa nimeitazama. Na mwandishi akifika juzuu ya tatu haelezi tena mtu anakaaje. Hilo sikuliona. Alinijia tu, na mistari yake na sweta lake, akakaa nyuma ya kaunta yenye nyavu kama dirisha la duka la dawa la hapa Umoja, magoti yake yakiwa yamekauka bila mafuta. Nilimjua hata anavyopiga chafya.

Visanamu vya watu wa hizi riwaya vinapatikana Eastleigh. Kuna kibanda ndani ya mojawapo ya zile mall, ghorofa ya chini, kinachouza vitu vya kuchezea vya mtumba kutoka Japani. Hufika kwenye marobota, wasichana wamechanganyika na roboti na magari yasiyo na magurudumu. Mwenye kibanda hufungua robota Jumamosi asubuhi. Wanaowahi huchukua kamera, yaani vile vizuri vizima. Vinavyobaki ni fagia. Sisi wa Sabato hufika Jumapili, kwenye fagia. Ndiyo maana rafu yangu ina roboti asiye na kichwa, paka wawili, na miguu ya msichana inayosimama bila mwenyewe.

Jumapili iliyotangulia, nikichakura fagia, nilipata kitako cheusi cha kusimamishia kisanamu, na juu yake jina la riwaya yangu kwa herufi ninazoweza kusoma. Nilikaribia kuketi sakafuni.

"Mwenye hicho kitako yuko kwenye robota la pili," muuzaji akaniambia. "Nalifungua Jumamosi. Ni wa atakayewahi."

Kwa binamu yangu, kule Njiru, husali Jumapili. Yeye hana haja na visanamu hata kidogo, huviita watoto wangu, lakini alikubali kuwahi. Mama sikumwambia. Mama hana shida na wanasesere, kama anavyowaita. Shida yake ni kununua na kuuza siku ya Sabato, na mimi nilijiambia kwamba sitanunua. Nimetuma tu.

Asubuhi kanisani sikukaa. Nilikuwa kwenye benchi, lakini sikukaa. Kila dakika nilifungua robota lile kichwani. Saa hizi wamekata kamba. Saa hizi wamemwaga. Saa hizi kuna mvulana fulani mwenye mikono mirefu amemnyakua. Kwenye darasa la lesoni ya Biblia mwalimu wetu, mama mmoja mpole, aliniomba nisome fungu nikasoma la wiki iliyopita, lote, mpaka mwisho, na hakuna aliyenikatiza. Nadhani walinihurumia. Kisha nikaanza kujiuliza kama kumtuma mtu ni sawa na kwenda, na jibu nililijua, kwa hiyo nikaacha kujiuliza, na muda mfupi baadaye nikajikuta naanza upya.

Wakati wa chakula cha pamoja Mama aliniangalia nikizungusha kijiko kwenye wali.

"Una nini wewe? Umekalia siafu?"

"Sina kitu, Mama."

"Mguu wako unatikisa meza nzima. Mchuzi wa watu utamwagika."

Nikaushika mguu kwa mkono. Ukatulia, wa pili ukaanza.

Alasiri ilikuwa ndefu isivyo haki. Tulirudi nyumbani tukaketi sebuleni kusubiri jua lizame. Binamu yangu alibisha tulipokuwa katikati ya wimbo wa kufunga Sabato. Aliingia, akasalimia kwa kichwa, akaketi na mkoba wake mapajani, naye akaimba kwa sauti ya juu na haraka, akitutangulia ubeti mzima, ili tumalize. Mkoba ulikuwa umetuna upande mmoja. Sikuondoa macho hapo. Mama akaomba. Aliombea wagonjwa, wasafiri, wanafunzi wa kidato cha tatu ambao akili zao hazitulii, shamba la babu lililo na kesi. Mimi nilisema "amina" mara mbili kabla ya wakati.

Alipomaliza nilimvuta binamu yangu mpaka kwenye korido.

"Umempata?"

"Hakuwepo."

"Na hicho ni nini kwa mkoba?"

"Mikate. Babangu ametuma." Akaniona uso, akanishika bega. "Pole, manze. Nimechambua robota lote. Kulikuwa tu na shosho yake."

"Nyanya yake? Shosho gani?"

"Mrefu, nywele nyeupee mpaka kiunoni, miwani. Ameshika hiyo lebo yako. Mwenye kibanda ananiambia ndiye huyu. Namwambia siye, mimi nimeelezwa. Ati jina linafanana, ati kitako ni chake. Nikamwambia, boss, mimi nimetumwa msichana, usiniuzie shosho! Tumezozana mpaka watu wakasimama." Alikuwa anajivunia, nami bado sikuwa nimeelewa, hivyo nilijivunia naye. "Msichana mwingine akamkubali vile vile. Amewekewa, atakuja kesho kumchukua."

"Kibanda gani hicho?" Mama aliuliza. Alikuwa nyuma yetu na sufuria mkononi. "Leo?"

Binamu yangu akaficha mkoba nyuma ya mgongo.

"Kwa hivyo umemtuma mwenzako sokoni siku ya Sabato."

"Shangazi, hatukununua," binamu yangu akasema upesi. "Haki tena. Nilikataa mwenyewe."

Mama alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Basi Sabato imejilinda yenyewe," akasema, akaenda kuweka chai.

Aliponirudishia simu nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilifungua picha. Ilishuka polepole kutoka juu: nywele nyeupe, nyeupe zaidi, miwani, shingo ndefu, koti refu jeusi lenye vifungo. Mkononi, lebo. Nilihisi kama nimeingia darasani nikakuta mtu nisiyemjua kwenye deski langu, naye ana daftari lenye jina langu.

Binamu yangu alichungulia begani mwangu, mkate mdomoni. "Si huyo ndiye shosho?" Kisha akaacha kutafuna. "Ngoja. Kwa hivyo nilikuwa naye mkononi."

"Ulikuwa naye."

"Na wewe ndiye uliniambia mfupi."

"Ni mimi."

"Sasa mistari uliitoa wapi?"

Nilirudi kwenye juzuu ya tatu nikapekua kurasa zote nikitafuta neno moja la kunitetea, hata "alisimama juu ya kibao". Hakuna. Badala yake nilimkuta, mahali nilipopasoma mara nyingi, akitoa kisanduku kwenye rafu ya juu bila kupanda kitu.

Jumapili, kabla ya binamu yangu kwenda kanisani, tulitangulia hata wenye maduka wengine. Muuzaji alimwona binamu yangu kwa mbali akapiga makofi. "Wakili amerudi! Leo umekuja na mteja wako?"

Nilimwomba anionyeshe. Alimtoa chini ya meza, kwenye karatasi ya gazeti, akanipa nimshike. "Mwenyewe hajafika," akasema, akipunguza sauti. "Mkimtaka, semeni sasa. Kuwekewa si kununua."

Alikuwa mzuri. Hata uzi wa lebo ulikuwa umechongwa, mwembamba kama kope. Nilimgeuza huku na huku, nikimtafuta. Niliangalia meno, mdomo ulikuwa umefungwa. Niliangalia magoti, yalifunikwa na koti. Nilisubiri nihisi kitu, na muuzaji anasubiri, na binamu yangu ananikanyaga kidole cha mguu niseme ndiyo, ndiyo, mchukue. Na sikumtambua.

"Siye," nikasema, nikamrudisha.

"Wewe!" binamu yangu akanifokea tulipotoka. "Jana napigana na mzee wa watu kwa ajili ya mtu hayupo, leo unampata aliyepo unasema siye? Kwani unataka nini?"

Nilitaka yule wangu. Halafu hatujafika hata barabarani, miguu ikaanza kuniwasha. Wangu hatatoka kwenye robota lolote. Hakuna kiwanda kinachomjua. Huyu mrefu, kwa upande wake, ndiye aliyesema maneno yote niliyoyapenda, na mimi nimemwacha kwa muuzaji kwa sababu ya nywele.

"Turudi," nikasema.

"Turudi wapi?"

Nilikuwa tayari nakimbia, nikipenya kati ya mabunda ya mapazia na wabeba mizigo wanaosema kando, kando.

Kwenye kibanda alisimama msichana wa rika langu, amevaa buibui na hijabu nyeusi, mkoba wa shule mgongoni. Alikishika kisanamu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kikombe cha moto. Alishamaliza na muuzaji. Nilisimama karibu naye, karibu mno, nikihema, na nilijua kwamba mtu wa kawaida hapa angesema sasa au angeondoka. Mimi sifanyi hata kimoja kwa kawaida. Huwa nasimama tu.

"Yeye hayuko hivyo," nikasema.

Aligeuka. "Nani?"

"Huyo. Ni mfupi."

"Imeanza tena," muuzaji akanong'ona.

Msichana aliniangalia usoni, kisha akakiangalia kisanamu, kisha mimi. "Umesoma?"

"Ya tatu na ya nne."

"Ulianzia ya tatu!" alisema, kama aliyemshika mwizi. "Hata mimi! Kwangu alikuwa na mtandio. Wa kijani. Nilipoona picha nilikasirika nikafuta kila kitu kwenye simu."

"Sasa umemzoea?"

"Nusu." Alimfunika kwa gazeti, akamweka ndani ya mkoba, akavuta zipu. Nilifuata ile zipu kwa macho mpaka mwisho. Nilimtamani kuliko jana, na hakuwa wangu, na hakuna la kufanya. Lakini yule msichana hakuondoka. "Baadaye nilizipata zile mbili za kwanza," akasema. "Binamu yangu ndiye alizitafuta. Kwa hivyo hujui kwa nini yuko kwenye hiyo kaunta? Hujui kwamba yeye mwenyewe aliwahi ku..."

"Usiniambie!"

Nilipiga kelele. Mimi. Wauza mapazia waligeuka, na mwanamume mmoja aliyekuwa akila sambusa akashusha mkono. Msichana alijiziba mdomo kwa kiganja, macho yanacheka. Binamu yangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anafika akiwa amejishika mbavu, aliuliza nani amemwibia nani.

Nilihamishia uzito mguu huu, nikauhamishia ule. Msichana alikuwa amerekebisha mkanda wa mkoba begani, tayari kwenda.

"Niambie," nikasema. "Lakini polepole."