Neno Lililomkuta Baba Shambani

Tulikuwa darasa la sita, katika shule iliyopakana na shamba letu kule Migori, mwalimu wa Kiingereza alipokwama kwenye neno moja la kitabuni: "trudge". Alisema ni kutembea polepole, kwa uzito. Tukamtazama tu. Akapita mbele ya ubao akiburuta viatu.

"Mgonjwa!" mmoja wetu akabahatisha.

"Mlevi!" akasema mwingine.

Mwalimu akatikisa kichwa, akaenda dirishani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

"Njooni muone. Yule mtu pale, hiyo ndiyo ku-trudge."

Yule mtu alikuwa baba yangu. Alikuwa analima kwa ng'ombe wawili, plau imezama kwenye udongo mweusi, na gambuti zake zimebeba tope kiasi kwamba aliung'oa mguu mmoja, akatulia, kisha akaung'oa wa pili. Darasa likaangua kicheko. Baba akasikia, akainua uso, akapunga mkono.

Msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja akaninong'oneza, "Si huyo ni babako?"

"Simjui," nikasema.

Jioni nilimkuta nje ya jikoni, anakwangua tope kwenye gambuti kwa kijiti. Nikamsalimu haraka, nikataka kupita.

"Nyara," akaniita. Ndivyo Wajaluo tunavyomwita binti. "Leo mlikuwa mnaangalia nini pale dirishani?"

Nikamwambia tulikuwa tunafundishwa neno la Kiingereza, na mwalimu alimtumia yeye kama mfano. Nilichomjibu mwenzangu wa dawati sikumwambia.

"Neno gani?"

"Trudge."

"Turaji," akajaribu.

"Trudge, Baba."

"Si ndiyo nimesema? Turaji!" Akacheka mpaka mama akachungulia mlangoni. "Kumbe mimi niko kwenye kitabu cha Wazungu!"

Nilicheka naye.

Neno likawa lake. Akirudi sokoni akiwa hoi, alimwambia mama, "Leo nimeturaji." Majirani wakalichukua, na sidhani kama kuna aliyejua lilitoka wapi. Kila nilipolisikia, nilikumbuka ule mkono wake hewani.

Siku hizi naishi Homa Bay, nafundisha Kiswahili sekondari. Mwezi uliopita mwanafunzi aliniuliza tunasemaje "trudge" kwa Kiswahili. Nikamwambia kujikokota, na papo hapo nikaona halitoshi. Anayejikokota amekwisha nguvu, na baba alikuwa nazo tele. Ardhi ndiyo ilikuwa inamshika. Nikafikiria kujikongoja, lakini hilo ni la mzee na mkongojo wake. Darasa zima lilikuwa linanisubiri. Nikawapa zoezi, nikaketi.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilimkuta baba kivulini mwa nyumba, anachambua maharagwe kwenye ungo. Tulisalimiana, nikavuta kigoda, na kabla hajaniuliza habari za watoto nikasema, "Baba, siku ile ya dirishani, mwenzangu aliniuliza kama wewe ni babangu. Nikasema sikujui."

Vidole vyake vikasimama.

"Nilidhani hukuniona," akasema. "Ndiyo maana nilipunga mara mbili."

"Nilikuona."

Akatupa punje mbovu kwa kuku. Nilingoja anigombeze, na kwa kweli nilitaka anigombeze.

"Mimi nilimkana babangu kule mjini Isebania," akasema hatimaye. "Nilikuwa na vijana wenzangu, na yeye akatokea na kaptura yake yenye viraka nyuma. Aliniita, nikageuza uso. Mpaka anakufa sikumwambia."

Akausogeza ungo katikati yetu, nikaanza kuchambua upande wangu. Ndipo akaanza kunisimulia habari za babake, mtu ambaye hata picha yake sijawahi kuiona: alivyopenda tumbaku, alivyowaogopa mbwa. Tulipomaliza maharagwe, alikuwa bado yuko kwenye utoto wa babake, na hakuonyesha dalili ya kumaliza karibuni.