Kahawa ya Mtu wa Baruti

Wallahi niliamini, na ningeapa mbele ya kadhi, kwamba watu wa kiapo waliokuwa wakipigana na wakoloni msituni, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, walimezeshwa baruti, kisha wakatumwa mijini kwetu wakae kimya mpaka siku yao ifike. Mmoja akinywa kitu cha moto tu, mtaa mzima kwisha! Nilikuwa nimehitimu shule ya usiku, desimali nazigawanya kama karanga, na bado niliamini kuliko wote.

Mtaani kwetu Chumbageni tulikuwa naye mmoja kutoka huko, fundi seremala, mpangaji wa bibi jirani yetu. Kitanda alichounda yeye, hata tembo angekilalia kisingelia. Kila baada ya magharibi alikuja barazani kwetu, akaketi mwisho wa benchi. Muuza kahawa alizungusha vikombe. Akimfikia yeye, anampa maji ya mtungi.

"Na kahawa?" aliuliza siku ya kwanza.

"Kunywa maji, fundi," nikamdakia. "Tanga bado tunaihitaji!"

Tukacheka hadi benchi likayumba. Yeye akatabasamu, akanywa. Akaendelea kuja, na maji yakaendelea. Mara nyingine alifungua kinywa kama mwenye neno, nasi tukasogea mbali.

Jioni moja hakuja. Kesho yake mchana alikwenda na shoka lake kituo cha polisi, peke yake, mbele ya bunduki zote zile, akamkata askari wa mlangoni. Kijana wa Muheza, ndiyo kwanza ameoa. Fundi akapigwa risasi palepale. Wakafa wote wawili. Hakuna kilicholipuka.

Baada ya hapo kila aliyetoka huko tulimkimbia, na mabarazani kote wakazidi wenzake wa kukaa peke yao mwisho wa benchi.

Nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Baruti yake ililowa, eti? Kwa yale maji yetu."

"Marahaba. Baruti gani?" Alikuwa akitia vyombo vya fundi guniani. "Kijiji chao kimechomwa na askari wa serikali. Mkewe na watoto wamechukuliwa, hajui waliko. Kituoni aliuliza, wakamfukuza. Akaniambia hana tena wa kurudi kwake, afadhali afe na mmoja wao. Nikamwambia, nenda barazani, kazungumze na wanaume wenzio."

"Lakini kahawa, bibi, ya moto…"

"Yangu akinywa kila alfajiri," akasema. "Ya moto."