Chupa Chini ya Kibao cha Mji

Gerlinde Zapf alikuwa mtunza makoti katika ukumbi wa muziki wa Coburg, na kati ya kazi zote zilizopigwa mle, wimbo mmoja tu ndio uliomtia hasira. Ulikuwa wa mwisho katika zile nyimbo tano za fundi msafiri, ambazo mwanamume mmoja huziimba mbele ya okestra nzima. Fundi anampenda binti, anaondoka kutafuta ujuzi, anarudi na kukuta binti anaolewa. Anasimama mpakani mwa mji, anasikia tarumbeta za harusi kwa mbali, kisha anageuka na kurudi alikotoka. Fidla zinafifia, kinubi kinabaki peke yake, na watu wazima wenye mashamba na magari wanatafuta leso. Hapo ndipo Gerlinde, akisikiliza nyuma ya mlango, husema neno lake.

"Mwongo."

Traudel, mwenzake wa zamu, alishamzoea. "Shoga, aliyeutunga kafa zamani. Mwache apumzike."

"Apumzike, lakini mwongo. Hawarudi hao. Wangekuwa wanarudi ningejua mimi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alipokuwa msichana alimpenda Veit Rebhan, fundi wa mapaa, mwenye mikono mikubwa na mdomo wa maneno mengi. Veit alipohitimu uanagenzi alifunga safari kama ilivyo desturi ya mafundi wa kule: kwa miguu, suruali nyeusi pana, kofia, fimbo, na hereni ya dhahabu sikioni. Miaka mitatu na siku moja, asikaribie kwao hata mamake akiwa mgonjwa kitandani. Na kabla ya kuondoka, fundi huzika chupa ya pombe kali chini ya kibao cha jina la mji. Akirudi huifukua, akainywa na waliomngoja. Hainywewi na mtu mmoja.

Gerlinde ndiye aliyeishika chupa wakati Veit akichimba.

"Nusu yangu, nusu yako," Veit alimwambia. "Usije ukaniibia."

"Nani akuibie sumu hiyo? Wewe rudi tu."

"Nitarudi. Nikuache uolewe na nani, na ulimi huo?"

Mwanzoni zilikuja kadi, kutoka Lübeck, kutoka Basel. Kisha kimya. Mamake Gerlinde hakumwonea huruma. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema, akimwekea donge la pili la viazi kwenye sahani kana kwamba moyo unashiba. Siku ambayo Veit alipaswa kurejea, Gerlinde alisimama kwenye kibao na keki ya plamu mpaka jua likazama. Wapo mafundi wanaozidisha muda, kwa hiyo akajipa majira mengine ya baridi. Subira yavuta heri, ndiyo, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na yeye alikuwa ameshaumia vya kutosha.

Alwin Zapf alikuwa akichoma soseji uwanjani, kwa moto wa matunda makavu ya msonobari, na kila mara alimchagulia Gerlinde ile iliyoungua kidogo nchani, bila kuulizwa. Walioana mwezi wa Mei. Gerlinde alishona mwenyewe utepe wa kufungia vijitawi vya rosemari, ule mweupe wanaobandikwa wageni kifuani. Uzi mweupe ulimwishia, akapinda kingo kwa uzi wa kijani, na mamake akamcheka. Wasichana waliugawa mlangoni mwa kanisa kwa yeyote aliyesimama pale, jamaa au mpita njia.

Alwin alikuwa mume mwema, na Gerlinde aliishi naye vizuri hadi akamzika. Lakini kile kibao hakuwahi kukigusa. Basi likipita pale, alitazama upande wa pili. Kama chupa ilikuwa bado ardhini, basi Veit ndiye aliyemtupa. Kama haikuwepo, basi yeye ndiye aliyemtupa Veit. Hakutaka kujua. Alijichagulia kuamini kwamba Veit hakurudi, maana hasira hubebeka kuliko aibu, na aliibeba mpaka nywele zikawa nyeupe.

Ndipo Traudel akaja kazini na habari kwamba barabara inapanuliwa. "Wanang'oa kile kibao, wanakisogeza mbele. Wiki hii hii."

Kesho yake mchana Gerlinde alichukua sepetu ambayo marehemu mumewe alizolea majivu ya soseji, akaenda. Mfanyakazi mmoja wa barabara alizima mashine yake.

"Bibi, umepoteza nini hapo?"

"Changu."

"Dhahabu?"

"Pombe."

"Ah, basi chimba, bibi. Mimi sijaona kitu."

Sepetu iligonga kioo. Chupa ilikuwepo. Gerlinde alipiga magoti na kusikia nafuu ikimshuka mwili mzima, nafuu chungu. "Nilijua," alisema kwa sauti. "Nilijua mimi." Veit hakurudi, basi. Miaka yote ile Gerlinde hakuwa na kosa.

Kisha akaifuta udongo. Nta ya mdomoni ilikuwa imebanduliwa, na kizibo kimechomolewa kisha kikarudishwa kwa kidole. Pombe ilikuwa imebaki nusu. Shingoni palifungwa kitambaa chembamba kilichogeuka rangi ya tope. Alikitemea mate, akakisugua kwa kidole gumba, na ukingoni ukatokea uzi wa kijani.

Alikaa chini palepale udongoni. Kwa hiyo Veit alikuwa kanisani siku ile ya harusi. Msichana fulani alimbandika utepe kifuani, naye akasimama kati ya watu, na Gerlinde akatoka ameshika mkono wa Alwin asimwone. Kisha akaja hapa, akanywa nusu yake peke yake, kinyume cha desturi, akamwachia yake kama walivyoahidiana. Gerlinde alilia kuliko alivyomlilia Alwin, na hilo nalo likamuuma.

Alipofika nyumbani aliiweka chupa kabatini. Hakuinywa. Angeinywa na nani?

Majira ya majani kupukutika nyimbo tano zikarudi ukumbini. Tarumbeta zilipolia kwa mbali, Traudel alimtazama mwenzake na kungoja. Fidla zikafifia, na Gerlinde ameegemeza paji la uso mlangoni.

"Leo humtukani?" Traudel alinong'ona.

"Mwongo bado," Gerlinde alisema, na sauti haikuwa na hasira yoyote. "Huyu aliishia mpakani. Wangu alifika mpaka mlangoni mwa kanisa."

Makofi yakaanza, naye akageuka kutafuta makoti ya watu.